SHETLAND: MAJI YALIYOPUNGUZWA CHUMVI NA MAFUTA YALIYONG'ANG'ANIA MWAMBANI

Meli iendayo Shetland hung'oa nanga jioni katika bandari ya Aberdeen, kaskazini mashariki mwa Uskochi, na abiria hulala humo usiku kucha. Safari huchukua muda wa saa 12 au zaidi, na bahari ya huko haina huruma hasa wakati wa baridi kali. Asubuhi msafiri huuona mji wa Lerwick: nyumba za mawe ya kijivu zilizojipanga ukingoni mwa maji, mashua za wavuvi, na nyuma yake vilima vyenye majani mafupi. Miti ni adimu mno. Upepo na kondoo havikuipa nafasi ya kukua.

Visiwa vya Shetland vinakaribia 100, lakini vinavyokaliwa na watu havizidi 16, na wakazi wote ni kama 23,000 tu. Mwezi Juni mchana huendelea kwa karibu saa 19, na hata usiku wa manane anga haliwi jeusi. Mwezi Desemba mambo hugeuka: jua huonekana kwa muda usiofika saa 6, kisha giza hurudi. Tangu kale wenyeji waliishi kwa uvuvi, ufugaji wa kondoo na ufumaji wa fulana za sufu. Farasi wao wafupi wenye nywele nyingi wanajulikana ulimwenguni kote.

Hata namna visiwa hivi vilivyoingia mikononi mwa Uskochi ni kisa cha kusimuliwa. Mwaka 1469 Christian wa Kwanza, mfalme wa Denmark na Norway, alimwoza binti yake kwa mfalme wa Uskochi. Kwa desturi ya huko, baba wa bibi arusi ndiye aliyetakiwa kutoa mali. Fedha zilipompungukia, aliviweka visiwa rehani, na rehani hiyo haikukombolewa kamwe. Tangu hapo watu wa Shetland wamejua kwamba mali yao yaweza kuamuliwa na wakubwa walio mbali. Fundisho hilo liliwafaa mafuta yalipogunduliwa baharini miaka 500 baadaye.

HORI LA SULLOM

Barabara itokayo Lerwick kuelekea kaskazini hupita katikati ya nyika ya udongo mweusi, ambao wenyeji huukata vipande, huukausha juani na kuutumia badala ya kuni. Mwishoni mwa safari ya karibu kilomita 50 lipo hori refu na lenye kina, liitwalo Sullom Voe. Kando yake yamesimama matangi makubwa ya mafuta na magati ya kufungia meli.

Mafuta yalipopatikana mashariki mwa visiwa, mapema katika miaka ya 1970, makampuni yalitaka kushusha mabomba popote palipowafaa. Baraza la visiwa halikukubali. Lilipeleka shauri lake London, na mwaka 1974 Bunge la Uingereza likapitisha sheria maalumu iliyolipa baraza hilo mamlaka juu ya bandari na ardhi ya pwani. Kwa nguvu ya sheria hiyo, makampuni yalilazimika kutumia kituo kimoja tu, na kulipa kwa kila kilichopita hapo. Mwaka 1976 uliundwa mfuko wa kutunza sehemu ya fedha hizo kwa manufaa ya wenyeji, na fedha zake zimesaidia matunzo ya wazee na ujenzi wa kumbi za michezo.

Mafuta ya kwanza yalifika Sullom Voe mwaka 1978, na Malkia Elizabeth alikifungua kituo rasmi mwaka 1981. Katikati ya miaka ya 1980 mapipa zaidi ya milioni 1 yalipita hapo kila siku. Hata hivyo neema hiyo haikuja bila machozi. Mwezi Desemba 1978 meli iitwayo Esso Bernicia iligonga gati, na zaidi ya tani 1,000 za mafuta mazito zikamwagika horini. Ndege wengi wa baharini waliangamia. Mwezi Januari 1993 meli Braer, iliyokuwa ikipita tu kutoka Norway kwenda Canada, ilipoteza nguvu za injini ikapanda mwambani kusini mwa visiwa, nayo ilikuwa na tani 84,700 za mafuta ghafi.

Maeneo yale ya mashariki, kama yalivyo maeneo yote ya mafuta, yalizeeka. Kituo kilichojengwa kwa ajili ya mamilioni kikaanza kupokea kidogo. Hapo ndipo macho yalipogeukia upande wa magharibi, mahali paitwapo Clair.

MAFUTA YALIYOSUBIRI MIAKA 28

Eneo la Clair liko baharini, kiasi cha kilomita 75 magharibi mwa Shetland. Lilivumbuliwa mwaka 1977, na wataalamu walikadiria kwamba chini yake kuna mapipa yapatayo bilioni 7. Pamoja na utajiri huo, mafuta ya kwanza hayakutolewa hadi mwaka 2005. Miaka 28 ilipita watu wakiyatazama tu. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uvumbuzi alikuwa mtu mzima, pengine mwenye watoto wake, kabla ya pipa la kwanza kutoka.

Ili kuelewa sababu yake, yafaa kuondoa wazo moja ambalo wengi wanalo. Mafuta hayakai ardhini kama ziwa au kama maji ndani ya mtungi. Hukaa ndani ya jiwe lenyewe. Mwamba wa Clair ni jiwe la mchanga la kale sana, na mafuta yamejificha katika vinyweleo vidogo vilivyo baina ya chembe za mchanga, kama maji yanavyokaa ndani ya tofali lililoloweshwa. Tena mwamba huo una nyufa nyingi, na ni vigumu kutabiri mafuta yatapita wapi.

Kisima kinapotobolewa, mafuta husukumwa kwanza na nguvu ya asili iliyo chini. Nguvu hiyo haidumu. Kwa hiyo huchimbwa visima vingine vya kupelekea maji chini kwa pampu, ili maji yashike nafasi ya mafuta na kuyasukuma kuelekea visima vya kutolea. Kazi hii imefanywa kwa miaka mingi katika nchi nyingi. Hata hivyo, baada ya jitihada zote hizo, aghalabu ni theluthi moja tu ya mafuta ya eneo inayotoka. Theluthi mbili hubaki mwambani. Ni sawa na mkulima avunaye debe moja na kuyaacha mawili shambani.

SABUNI ISIYOTOA POVU

Baharini maji ya kusukumia hayana gharama ya kutafutwa. Majukwaa ya mafuta kwa miaka mingi yalivuta maji ya bahari, yakayachuja, na kuyapeleka chini na chumvi yake. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Maji ni maji, ilidhaniwa. Kazi yake ni kusukuma.

Lakini kila mama aliyewahi kufua nguo kwa maji ya bahari anafahamu kwamba maji si sawa. Sabuni hukataa kutoa povu, na mahali pa povu huja utando mzito unaoganda nguoni. Sababu yake ni madini mawili yaliyomo katika maji hayo, kalisi na magnesi, ambayo huishika sabuni na kuifunga. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, yaani kama vijiko 6 vya chai. Kalisi na magnesi ni sehemu ndogo ya chumvi hiyo, lakini ndiyo yenye ukaidi.

Jambo linalofanana na hilo hutokea chini kabisa katika jiwe. Chembe za mchanga hazikai peke yake. Zimepakwa udongo laini kama ule wa mfinyanzi. Udongo huo una nguvu ya umeme ya upande hasi, na baadhi ya sehemu za mafuta zina nguvu hiyo hiyo. Kwa desturi ya maumbile vitu hivyo viwili vingesukumana. Kalisi, yenye nguvu ya upande wa pili, husimama katikati kama msuluhishi aliyewashika mikono wagomvi wawili, na kwa hiyo mafuta hung'ang'ania udongoni. Maji ya bahari yakiingia, huongeza wasuluhishi wa aina hiyo. Maji yenye chumvi kidogo yakiingia badala yake, mikono hulegea, mafuta huachia jiwe, na maji huyachukua. Haya ndiyo maelezo yanayotajwa zaidi, ingawa wanasayansi wangali wakijadiliana juu ya undani wake.

Ujuzi huu ulikua polepole. Katika miaka ya 1990, Norman Morrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, walipitisha maji ya aina mbalimbali katika vipande vya jiwe la mchanga vilivyolowana mafuta. Waliona kwamba chumvi ilipopunguzwa sana, mafuta zaidi yalitoka. Kutoka meza ya maabara hadi bahari ya wazi, hata hivyo, ni mwendo mrefu. Hapana budi jambo lijaribiwe mahali halisi.

Jaribio moja kubwa lilifanywa Alaska, katika eneo la Endicott, ambako mafuta huchimbwa juu ya visiwa vilivyotengenezwa kwa changarawe katika bahari yenye barafu. Mwaka 2008 maji ya chumvi kidogo yalianza kupelekwa katika kisima kimoja, huku kisima cha kutolea kikiwa umbali wa zaidi ya mita 300. Kisima hicho kilikuwa kimechoka: katika kila ndoo 100 zilizopanda, ndoo 95 zilikuwa maji matupu. Baada ya maji mapya kufika, ndoo za maji zilipungua hadi 92. Anayesikia kwa haraka ataona tofauti hiyo ni ndogo. Akihesabu vema ataona kwamba ndoo za mafuta zilipanda kutoka 5 hadi 8.

MITAMBO JUU YA MAWIMBI

Mwaka 2011 makampuni yenye hisa katika Clair, yakiongozwa na BP, yaliamua kujenga majukwaa mapya mawili katika sehemu ya eneo hilo iitwayo Clair Ridge. Miguu ya chuma ilisimamishwa mwaka 2013 mahali penye kina cha mita 140 hivi. Sehemu za juu ziliundwa Ulsan, Korea ya Kusini, zikasafirishwa kupita nusu ya dunia, na kuwekwa juu ya miguu hiyo mwaka 2015 na 2016. Daraja huunganisha majukwaa hayo: moja kwa ajili ya kuchimba na kutoa mafuta, jingine kwa ajili ya makazi na huduma. Mafuta yalianza kutoka mwezi Novemba 2018, nayo hufika Sullom Voe kwa bomba lipitalo chini ya bahari. Gharama yote ilitajwa kuwa zaidi ya pauni bilioni 4, na matarajio yalikuwa kupata mapipa milioni 640 katika muda wa miaka 40.

Humo ndani mna mtambo ambao haukuwa umewekwa kwa ukubwa huo katika jukwaa lolote la baharini hapo kabla. Kazi yake ni kupunguza chumvi. Maji ya bahari huchujwa uchafu, kisha husukumwa kwa nguvu nyingi kupita katika tando zenye vitundu vidogo mno, ambavyo maji huweza kuvipenya lakini chumvi hubaki nyuma. Gharama yake ilitajwa kuwa dola milioni 120, na faida iliyotarajiwa ni mapipa ya ziada yanayokaribia milioni 40. Hiyo ni kama dola 3 kwa kila pipa la ziada.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito wake. Jukwaa la baharini si nyumba ya nchi kavu ambayo mwenyewe aweza kuongeza chumba apendapo. Kila tani ya mtambo inahitaji nafasi, umeme na chuma cha kuibeba. Kama mtambo usingewekwa tangu ramani ya kwanza, kuuongeza baadaye kungekuwa shida kubwa na gharama nzito. Kwa hiyo walioamua walilazimika kuamini matokeo ya Wyoming na Alaska kabla ya kuona lolote kutoka katika mwamba wa Clair wenyewe kwa kipimo kikubwa.

KIPIMO CHA CHUMVI

Huenda msomaji akauliza kwa nini basi chumvi isiondolewe yote. Jibu lake wanalijua madereva wa malori ya jeshi waliowahi kupita katika mbuga za udongo mweusi wakati wa masika. Udongo ule wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Mvua ikinyesha huvimba, hushika magurudumu na kuziba kila njia. Udongo ulio ndani ya mwamba wa mafuta nao, katika miamba mingine, hufanya hivyo hivyo ukikutana na maji yasiyo na chumvi kabisa. Huvimba au humeguka, vinyweleo huziba, na kisima huweza kuharibika.

Hivyo kinachotafutwa ni kipimo. Ikizidi gramu 5 hivi kwa lita, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa kawaida faida haionekani. Ikikosekana kabisa, hatari ya kuziba huja. Aghalabu wataalamu hulenga gramu 1 au 2 kwa lita, chumvi isiyojaza hata nusu ya kijiko. Tando hizo zina manufaa mengine pia: huzuia madini ya salfeti, ambayo yakikutana na maji ya asili ya chini huweza kuganda kama ukoko wa birika ndani ya mabomba, na pia hulisha vijidudu vinavyotengeneza hewa yenye sumu.

Wanaoitunza mitambo hiyo ni wanaume na wanawake wanaoishi juu ya chuma kwa majuma kadhaa mfululizo, kisha hurudi nyumbani kupumzika. Husafiri kwa helikopta juu ya bahari ambayo mtu akiangukia humo bila vazi maalumu hadumu. Familia za askari zinaifahamu hali hiyo ya kusubiri. Mwezi Novemba 1986 helikopta iliyokuwa ikirudi kutoka maeneo ya mashariki ilianguka karibu na uwanja wa ndege wa Sumburgh, kusini mwa Shetland, na watu 45 wakafa. Mwezi Agosti 2013 nyingine ilianguka karibu na hapo hapo, na watu 4 wakapoteza maisha. Kila pipa la ziada linalotajwa katika hesabu za makampuni lina watu wake nyuma yake.

SI KILA JIWE HUKUBALI

Lingekuwa kosa kuyafanya maji haya kuwa dawa ya kila mwamba. Huko Norway, katika eneo la Snorre, majaribio yaliyotolewa taarifa mwaka 2010 hayakuonyesha faida ya maana. Wataalamu walieleza kwamba hali ya mwamba ule ilikuwa tayari inayafaa maji ya bahari, kwa hiyo hapakuwa na mengi ya kulegezwa. Jiwe lisilo na udongo wa kutosha, au mafuta yasiyo na sehemu za kung'ang'ania, hayatabadilika kwa sababu tu maji yamebadilishwa. Ndiyo maana kila mwamba hupimwa kwanza, kipande kwa kipande, kabla ya fedha kutolewa.

Kwa upande mwingine, katika eneo la Omar nchini Syria, maji yaliyopelekwa chini tangu mwaka 1991 yalikuwa na chumvi kidogo, kwa kuwa yalichotwa mto Frati uliokuwa karibu. Miaka mingi baadaye wataalamu walipoitazama mienendo ya visima, waliona dalili kwamba maji hayo yaliibadilisha hali ya jiwe na kulifanya liachie mafuta zaidi. Maji yaliyochukuliwa kwa sababu ya ukaribu yalikuwa yamefanya kazi ambayo hayakutumwa.

Habari hizi hazina budi kusikika hata kandokando ya Ziwa Albert. Mafuta ya kutosha kwa biashara yalithibitishwa nchini Uganda mwaka 2006, na makadirio yaliyotangazwa yanataja mapipa bilioni 6.5 yaliyomo ardhini, ambayo kati yake yanayotazamiwa kutolewa ni kama bilioni 1.4. Mipango ya eneo la Tilenga, katika wilaya za Buliisa na Nwoya, inategemea kupeleka chini maji yaliyovutwa ziwani. Maji ya ziwa hilo ni baridi, si ya chumvi ya bahari. Mafuta ya huko yana nta nyingi na mwamba wake si wa Clair, hivyo lililofaa Shetland halihamishiki tu kama samani. Na ziwa si bahari: lina wavuvi wake, na kiasi kinachovutwa ni jambo la kutazamwa kwa uangalifu. Lakini swali lililoulizwa Shetland linafaa kuulizwa huko pia: ni maji gani, yenye chumvi kiasi gani, na kwa jiwe gani?

WATU WA VISIWANI NA KESHO YAO

Jioni, meli ya kurudi Aberdeen inapojiandaa kuondoka Lerwick, abiria huweza kuona juu ya vilima alama ya nyakati nyingine. Katikati ya kisiwa kikuu imesimama mitambo mikubwa 103 ya upepo, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 2024 na kuupeleka Uskochi kwa waya upitao chini ya bahari. Upepo ule ule uliowanyima wenyeji miti sasa unauzwa. Wako waliofurahi, na wako walionung'unika kwamba vilima vyao vimeharibiwa. Wote wanajua kwamba moshi wa mafuta huongeza joto la dunia, na kwamba siku moja mabomba ya Sullom Voe yatanyamaza.

Hadi siku hiyo, maji yenye chumvi ya kiasi yamepangiwa kazi yake ndani ya mwamba wa Clair, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Hesabu kamili ya mapipa yaliyoongezeka itafungwa mwishoni mwa miaka hiyo 40, na watakaoifunga ni watoto wa hao wanaofanya kazi leo. Baraza lililokwenda London mwaka 1974 halikuyakataa mafuta wala halikuyafungulia mlango wazi; liliweka kipimo, likalisimamia. Mafundi wa Clair Ridge nao hawakuiacha chumvi yote wala hawakuiondoa yote. Mpishi yeyote angeielewa kazi hiyo.